Inspekta Aliyetupeleka Handeni

Shangazi yangu hakujua kusoma, lakini riwaya ya kwanza ya upelelezi kuingia nyumbani kwetu Ngombezi aliileta yeye. Alikuwa akianika nyuzi za mkonge kiwandani, na siku hiyo alirudi nyuzi zimemganda kwenye kilemba, kitabu kakichomeka kiunoni. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Soko la Korogwe lilijaa mitumba, na pembeni ya mitumba alikaa mama mmoja aliyetandaza riwaya juu ya gunia na kuziazimisha.

"Nimekiona hiki nikakipenda," Shangazi alisema. "Tazama picha hapa juu, mwanamke kashika bastola. Nisomee."

Nilikuwa darasa la saba. Nilianza kusoma hata hajavua viatu, na ukurasa wa pili tu nikawa nimetekwa. Inspekta alikuwa mwanamke, hajaolewa na wala hajutii, anakatiza Kariakoo kwa pikipiki. Alipeleleza vifo katika ghorofa moja ambamo mabomba yalikauka wiki nzima, lakini kila penye maiti palikuwa na nyayo za maji. Wakubwa wake walimcheka alipoandika neno "jini" kwenye jalada la kesi. Akalibana jalada kwapani, akaondoka.

"Huyo ndiye mwanamke!" Shangazi akajipiga paja.

Mimi nilimshuku tajiri mwenye ghorofa. Siku ya tatu Shangazi akanikatiza.

"Ni mlinzi."

"Mlinzi? Shangazi, kazungumza mara mbili tu!"

"Rudi pale alipoletewa supu."

Nikarudi. Kweli, mlinzi aliikataa supu akisema ina chumvi. Mstari huo niliupita mbio.

"Jini na chumvi haviketi pamoja," Shangazi alisema. "Inspekta wako anachelewa."

Tulibishana mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kisha Inspekta akapanda hadi juu kabisa ya ghorofa, akashika kitasa cha mlango, nikafungua ukurasa, nikakuta jalada la nyuma. Karatasi za mwisho zilikuwa zimechomoka! Nilipiga kelele kama niliyeng'atwa na siafu.

Jumamosi tukaenda Korogwe. Mwenye gunia akasikitika. "Nakala nzima anayo mdogo wangu, Handeni."

Nilijua hapo ndipo mwisho wetu. Shangazi akajifunga kanga vizuri. "Basi la Handeni linaondoka saa ngapi?"

Tulishuka Handeni vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Huyo mdogo mtu tulimkuta sokoni akiuza vyungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi akamweleza shida yetu. Mama akatoa kitabu chini ya kiti, akakikumbatia.

"Siwapi. Mwenyewe nimefika katikati, na mwisho msiniambie!"

"Basi mtoto atusomee sote," Shangazi akasema, "kuanzia ulipofika."

Nikasoma nimesimama kati ya vyungu. Sauti ilipokauka, mama alinipa maji nikaendelea. Wauza mboga wakasogea. Mama mmoja wa Kimaasai, kibuyu cha maziwa begani, akauliza, "Hiyo pikipiki ni yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe," nikamjibu.

"Vizuri. Soma."

Mlango ukafunguka. Mlinzi alisimama pekupeku, maji yakimchuruzika vidoleni. Inspekta hakugusa bastola. Alitia mkono mfukoni, akatoa konzi ya chumvi.

"Nilisema mimi!" Shangazi aliruka hadi mama akakumbatia vyungu vyake. "Nilisema tangu kwenye supu!"

Kumbe tajiri ndiye aliyemwita jini huyo, awaondoe wapangaji. Nikarukaruka na mimi. "Hata mimi nimepata!"

"Nusu," Shangazi akasema, bila huruma.

Mama wa vyungu alifurahi mno, akatuazima kitabu cha pili cha Inspekta yuleyule. Ndani ya basi la kurudi sikuweza kungoja. Nikamwinamia Shangazi, nikaanza kumsomea kwa kunong'ona. Nilikuwa kwenye maiti ya kwanza, mwanamume mmoja kiti cha nyuma akasema, "Paza sauti, binti, huku hatusikii."

Shangazi akageuka, akawatazama abiria wote. "Subirini basi," akasema. "Anaanza upya."