Kofia ya Babu kumbe ni halisi

Jamani, leo nimepata jibu nililolitafuta mwezi mzima, na natamani nisingeuliza.

Mnaijua kofia ya marehemu Babu. Aliachiwa na Mjerumani mmoja ambaye Babu alimfanyia kazi shambani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akawa anaivaa kila Jumapili akienda kanisani. Jumamosi hii ukoo unakutana hapa Laela kunivika kofia hiyo mimi, mrithi wake.

Binamu zangu wakaanza kunicheka: "Hiyo ni ya mtumba tu!"

Nikapandwa na hasira. Nikamtafuta mtandaoni mtu anayekusanya kofia za zamani za kijeshi. Akataka picha za ndani: ngozi ya kuzuia jasho, mhuri, mishono. Halafu akataka na ya mbele, penye matundu madogo.

Mchana kajibu: "Hongera, ni halisi. Jeshi la Ujerumani, miaka ya mwanzo ya Wanazi. Hapo penye matundu palikaa beji yenye alama yao."

Wanazi! Shuleni tulisoma walivyoua watu, hata watoto.

Bibi alikuwa pembeni anaisugua kofia kwa brashi. Nikamuuliza beji ilienda wapi.

"Niliing'oa mimi. Mama yako akaichezea mpaka ikapotea. Kwani wamesemaje, ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, Bibi."

Akapiga kigelegele! Akanivika hapo hapo. "Imekukaa kama babu yako."

Ungekuwa wewe ungemwambia?

Naandika haya bado nimeivaa, maana Bibi ananitazama.