Ganda Nililolivua Msitu wa Bami

Ile asubuhi nilipoingia Msitu wa Bami na panga mkononi, mwanangu, naikumbuka kuliko asubuhi ya ndoa yangu. Leo unaniona bibi wa kanisani, mpole, mwenye maneno mengi. Siku ile nilikuwa mke kijana mwenye ujuaji, na ujuaji wangu nusura utumalizie msitu.

Mimi si mzaliwa wa milima hii ya Masisi. Nilizaliwa kule chini, Walikale, na baba yangu alikuwa fundi wa nguo za magome. Alikuwa na miti yake ya nguo kando ya nyumba. Aliuvua mti ganda lote kuzunguka shina, kisha akalifunga shina kwa majani ya migomba, na baada ya siku chache ganda jipya likaanza kuota. Mwaka uliofuata alivua tena. Nililelewa nikiona hivyo, nikaamini miti yote ya Mungu iko hivyo.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na mzungu mmoja mwenye shamba la pareto alikuwa amekwisha kufyeka kilima chetu hadi ukingoni mwa msitu. Maua ya pareto hukaushwa kwa moto, na matanuri yake yalikula kuni kutwa kucha. Msitu wa Bami peke yake ndio ulikuwa umebaki. Humo walizikwa bami, yaani machifu wa zamani wa Wahunde, na watu walitoka mbali kuja kuiona ile miti, minene kiasi kwamba watu wanne wakishikana mikono hawauzunguki mmoja. Chemchemi yetu ilitoka humo pia. Mwami, chifu wetu wa wakati huo, aliuombea msitu kwa wakubwa wa serikali, wakakubaliana hivi: mti mbichi usikatwe na mtu, lakini mti ukikauka, mwenye pareto aukate. Tulishangilia sana. Nani angedhani miti mikubwa namna ile itakauka?

Mlinzi wa msitu alikuwa Papa Bakungu, mzee wa hasira za karibu, aliyeweza kusali rozari huku anakugombeza kwa kukanyaga mche. Ndani mle kulikuwa na miti ya ganda chungu, dawa ya kifua, na kulitoa ganda hilo ilikuwa kazi yake peke yake. Alitoa upande mmoja tu, upana wa kiganja, kisha akapaka kidonda cha mti mavi ya ng'ombe. Mimi nilimwona ni mzee mchoyo.

Basi mtoto wangu wa kwanza, Riziki, akashikwa na kifua. Siku mbili alikohoa hadi midomo ikawa myeusi. Dispanseri ya misioni ilikuwa mwendo wa siku nzima, mume wangu alikuwa kwenye kazi ya barabara, na Papa Bakungu alikuwa amekwenda matangani upande wa Mweso. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaingia msituni, hadi bondeni ambako mzee hakufika mara kwa mara. Sikutoa kiganja kimoja. Nilivua kuzunguka shina lote, nikajaza kitunga, ili nisije nikambembeleza tena yule mzee. Nikalifunga shina kwa majani ya migomba, vizuri kabisa, alivyofanya baba. Nilitoka humo najisifu, mwanangu, ndivyo nilivyokuwa.

Mtoto akapona. Majirani wakaja kuomba dawa, nikawagawia, nikawaeleza na jinsi ya kuvua na kufunga. Kwa siku kadhaa nilionekana mtu wa maana.

Siku ya tano nilikwenda kuokota kuni, nikafungua majani ya migomba nione ganda jipya. Hapakuwa na kitu. Shina nililolivua lilikuwa kavu, la kahawia, linapasuka. Nikajiambia milima ina baridi, labda huku ganda huchelewa. Siku ya kumi hapakuwa na kitu. Nikayaondoa majani yale nikayatupa mtoni, nisije nikajulikana. Tangu hapo sikuwa na raha. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kutazama juu, na mwezi wa pili majani ya mti yakaanza kuwa ya njano. Chakula hakikushuka. Nikisikia watu wanazungumza njiani, nilidhani wananizungumzia mimi. Mume wangu aliniuliza kama ni mimba, nikamwambia labda.

Mwezi wa nne, kapita, msimamizi wa vibarua wa shamba la pareto, alionekana amesimama chini ya ule mti, anautazama, anatabasamu. Habari zikamfikia Papa Bakungu. Akawaka. Akasema ni kapita aliyeuua mti ili wapate kuukata, na kesho yake asubuhi angekwenda kumshitaki barazani kwa mwami. Hapo ndipo roho iliponitoka. Kapita alikuwa hana hatia. Kesi ikianguka, mzungu angesema wenye msitu ni waongo, na makubaliano yangevunjika, msitu wote uende matanurini.

Asubuhi hiyo nilimkuta mzee njiani, amevaa koti lake la Jumapili.

"Papa, ngoja. Kapita hana kosa. Njo mimi nilitoa ganda ya ule muti."

"Weye, Mama Riziki? Ulitoa namna gani?"

"Kuzunguka yote. Kwetu baba anatoaka vile, anafunga na majani ya ndizi, inaota tena."

"Ile ya baba yako ni muti ya nguo. Hii ni muti ya dawa. Haiko sawa. Uliuliza nani?"

"Sikuuliza muntu, Papa."

Niliyangoja matusi. Hayakuja. Mzee alikaa chini, pale pale kwenye matope na koti lake, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Na ulionyesha nani?"

Nilikuwa nimewaonyesha jirani zangu wawili, Mama Furaha na Mama Neema. Tulikimbia kwa Mama Furaha: alikuwa amevua mti wake miezi miwili iliyopita, upande wa pili wa msitu. Tukakimbia kwa Mama Neema.

"Nilivua jana tu," akasema, anashangaa. "Ganda iko mu kitunga, njo nilitaka kuianika."

"Usianike! Leta!" mzee akafoka.

Mzee alikata vipande virefu vya ganda lile bichi, akavirudisha shinani kama mtu anayeshona nguo ya mtoto, akavibana kwa kamba na kufunika kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Akaniambia bila kunitazama: "Ungekuja siku ile ile, hata wako tungejaribu."

Kapita hakushitakiwa, na msitu ukabaki, lakini mti wangu ulikatwa, na wa Mama Furaha ukakatwa. Watu wa msumeno waliyaburuta magogo juu ya miche, na chemchemi ikatoa matope msimu mzima. Mwami alipoambiwa ukweli, aliniamuru nisimame njiani kila siku ya soko, mwaka mmoja, nimwambie kila ajaye kutafuta dawa nilichofanya. Niliona aibu kuliko ninavyoweza kukueleza. Mti wa Mama Neema uliishi. Una kovu baya, lakini uko hai.

Sasa sikia, mwanangu, kwa sababu ninakuona unavyorudi kutoka masomoni na mambo uliyoyaona kwingine, na moyo wangu unaogopa. Ulichojifunza kwingine ni kweli huko huko. Ukifika mahali pa watu, uliza kabla ya kugusa, hata kama anayejua ni mzee wa kukuchosha. Usimfundishe mwenzako jambo ambalo hujaliona mwisho wake. Na ukikosea, sema. Mimi nilijua siku ya tano, nikasema mwezi wa nne. Sikuwaonya hata wenzangu, na Mama Furaha aliuvua mti wake katikati ya kimya changu.

Mungu akulinde, akupe watoto wenye vifua vizima, na siku utakayoharibu kitu, maana utaharibu, akupe ujasiri wa kupiga mbio asubuhi ile ile, ganda likiwa bado bichi.