Nilimchagua Baraka kwa sababu "anaruka", na hasira zangu si kwake

Wakuu, salamu. Naweka yote hapa, hata yanayonidhalilisha, maana tangu turudi kutoka Buffalo nasoma matusi kwenye grupu na nimechoka.

Mimi ni Mtanzania, naishi Whitehall, hapa Columbus. Nafundisha timu yetu ya basketball, ila ukocha sijausomea popote. Nimejifunza kwa video na daftari, na nina ugonjwa wa kuhakiki kitu mara tano.

Kila kiangazi timu zetu za Waswahili za Louisville, Columbus na Buffalo zinakutana kwa mashindano; mwaka huu yalikuwa Buffalo. Kabla ya hapo kuna draft yetu ndogo: kila timu inachagua mchezaji mmoja asiye na timu. Mwaka huu Columbus tulikuwa wa kwanza kuchagua, na kazi nikapewa mimi. Na kwenye mashindano yenyewe, ukifungwa mechi moja, umetoka.

Nikaendesha hadi Louisville kuwaangalia hao wasio na timu. Wakabaki wawili.

Idi, mfupi, pasi safi, ameshaiva. Na Baraka, Mkongo wa miaka kumi na tisa, mikono mirefu, akiruka unasahau kupumua. Ila mbichi kabisa. Mpira anaudaka kama anakimbiza kuku.

Nikamuuliza Papa Musa, Mkongo mwenzake anayewasimamia pale, habari za mazoezi ya Baraka. Akajibu, "Mazoezi? Bon, ule anarukaka. Anarukaka sana."

Nikaandika: anaruka sana, hata mazoezini. Nikapigia mstari mara mbili.

Mnaocheka mmeshaelewa. Mzee alimaanisha kijana anayaruka mazoezi, haji. Mimi, mwenye daftari la safu kumi na nne za vipimo, sikuuliza swali la pili.

Buffalo ikawa aibu. Baraka aliruka kweli, ila wakati usiofaa. Mpinzani akijifanya tu anarusha mpira, yeye yuko hewani. Foul tano kabla robo ya tatu haijaisha, akatolewa uwanjani. Tukafungwa, tukatoka.

Sasa kinachonichemsha.

Nahodha wetu, mtu mzima mwenye watoto, akamwambia mbele za watu, "Vua jezi, tuitafutie mwenye akili." Watu wakacheka. Halafu kwenye grupu wakaanza kukusanya majina ya wanaotaka azuiwe kucheza mwakani.

Kosa lake nini? Video zake akidunk walizisambaza wao wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemwonyesha namna ya kusimama kwenye ulinzi. Mimi nikiwemo.

Nilimfuata kwenye parking nikamweleza ujinga wangu wa lile neno. Hakucheka.

"Siku ya mazoezi njo siku yangu ya warehouse," akasema, yaani kazi yake ya ghalani. "Juu ya nini hukuniuliza, yaya?"

Kwao "yaya" ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto.

Nilichojifunza: hatari ya mchezaji mbichi haiko miguuni mwake, iko kwa anayemchagua. Una muda wa kumfundisha? Yeye ana muda wa kufundishwa? Kama hujui, mchukue Idi, umwache mtoto wa watu na heshima yake.

Nimeandika kwenye grupu kwamba kama kuna wa kuzuiwa, jina la kwanza liwe langu. Wote wamesoma.

Nikosoeni, nimekaa hapa. Mliowahi kuchagua wachezaji, swali lenu la kwanza huwa lipi? Ila matusi ya Baraka, nileteeni mimi.