Gari Langu Ziwani Singidani

Mtu aliyeishia darasa la nne, akaanza na debe moja la alizeti, na leo anamiliki mashine ya kukamua mafuta, hakuna cha kumshangaza. Ndivyo nilivyojisifu mpaka Jumamosi iliyopita.

Mwanangu anaoa kijijini Ilongero. Mjomba wa binti alikuja mjini kuzungumza mahari, nikaona nimtembeze kwanza Ziwa Singidani, tukachome mbuzi kwenye yale mawe makubwa. Njiani nikamweleza kwamba mahari ya ng'ombe imepitwa na wakati, nitatoa laki tano mkononi tumalizane.

"Siku hizi ng'ombe ana kazi gani, mkwe?"

Akacheka tu.

Kiangazi hiki maji yamerudi nyuma, ufuko umebaki mweupe kwa chumvi. Nikaona alama za magurudumu zinaelekea majini, nikazifuata. Kama mwenzangu kapita, gari langu litashindwaje?

"Hizo ni za mkokoteni," mjomba akasema.

Nikamwambia atulie, yuko na dereva. Hatukufika mbali, ganda la chumvi likapasuka na tope jeusi likafika mlangoni.

Mwenye mkokoteni alileta maksai wanne, wakalivuta gari kinyumenyume huku nikisukuma, nimejaa tope mpaka kwenye nyusi. Mjomba alikuwa ameshawasha moto, yuko juu ya jiwe anatafuna mbuzi wangu.

"Mkwe," akasema, "uliniuliza ng'ombe ana kazi gani."

Jioni ile tukakubaliana mahari. Jumla yangu: ng'ombe kumi na wawili, na elfu themanini za kuvutwa.