Nilimsomea Jina Lisilokuwepo Jiweni

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Siku hiyo maskini wala hakuwepo!

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa karani wa duka Mlandege, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Nikampenda Zuwena wa Bububu, nikapeleka posa. Mwenye kauli alikuwa babu yake, Mzee Sururu. Yeye na mdogo wake Mabruki walichukuliwa upagazi na Waingereza katika vita vya Mjarumani. Mabruki alikufa kwa homa huko bara, na kaburi lake halijulikani.

Msahafu mzee aliusoma vizuri, lakini herufi za Kizungu hakujua hata moja. Akanambia, "Twende mjini kwenye jiwe la kumbukumbu ya vita, ukanisomee jina la ndugu yangu."

Nikalisoma jiwe juu hadi chini. Kapteni fulani, meja fulani, luteni fulani. Wapagazi? Mstari mmoja chini kabisa: na Waafrika waliowatumikia. Watu waliobeba mizigo ya makapteni, na pengine makapteni wenyewe, hawakupewa hata herufi!

Ningesema hayupo. Lakini mzee si angedhani sijui kusoma? Fahari ilinipanda, nikaweka kidole kwenye jina la luteni mmoja. "Huyu hapa babu. Mabruki bin Juma."

Mzee akalishika jiwe kwa viganja viwili, akalia. "Mdogo wangu, kumbe hawakukusahau!" Akasoma Fatiha, nami nikaitikia amina kwa sauti nzuri kabisa! Posa ikakubaliwa. Na kila Ijumaa, miezi minane, tukawa twarudi jiweni na luteni wa watu akawa anasomewa Fatiha.

Kisha kisomo cha watu wazima kikafika Bububu. Mzee Sururu alikuwa wa kwanza kukaa kwenye jamvi. Daftari nilimpelekea mimi, mjinga nisiye na mfano!

Ijumaa moja akaniita jiweni. Zuwena alikuwepo.

"Shikamoo babu."

Mzee akaligeukia jiwe. Alipitisha kidole kwenye jina. "Pe... te... r." Akanigeukia. "Hii P. Mabruki yaanza na M."

Akaendelea taratibu, "Ungenambia hayupo. Miaka yote nshamwombea bila ya jiwe. Sasa umenifanya nimzike mara ya pili."

Kesho yake mshenga wangu akarejeshewa posa. Zuwena mpaka leo akiniona hubadilisha njia.

Jamani, najuta! Miezi minane nilisimama karibu na mtu aliyebeba mizigo ya vita nchi nzima, nikatazama jiwe tu. Sikumshukuru hata siku moja.

Nyinyi mliosoma, mkiulizwa jambo msiloliona, semeni halipo. Na mkiwa na mzee kama huyo nyumbani, mwambieni ahsante leo hii. Mimi niliisema siku ile jiweni, babu keshanipa mgongo, na hakugeuka.