Uzio wa Mbono Mlangoni kwa Mzee Sadalla

Jua halijachomoza vizuri Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda, na Donatille tayari anagombana na miche yake.

"Wewe umelala nini? Wenzako wote wamesimama!" anauambia mche mmoja ulioinama kwenye kiriba chake, kisha anaumwagia maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Wa pembeni anausifu. Wa tatu anautishia kuupeleka Majimoto ukaliwe na ng'ombe. Ni tishio la bure, maana mbono hauliwi na ng'ombe wala mbuzi.

Ni mama wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye alizaliwa hapa hapa Katavi, akaolewa Kakese, na Kirundi chake kinamtoka akikasirika au akicheka. Kwa kuwa anacheka sana, kinamtoka kutwa nzima.

Kazi yake ni kuotesha miche ya mbono. Kila mche unaotoka mzima kitaluni unamwingizia shilingi mia mbili. "Si hela ya kujengea ghorofa," anasema, "lakini binti yangu Emelyne amesomea ushonaji kwa hela hii hii. Sasa ananishonea magauni ya bure, tena yananibana."

Miche hiyo ni sehemu ya mpango wa kulima zao la mafuta katika vijiji vya mkoa. Mbegu za mbono zikikamuliwa hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo. Watu wa mradi walipofika hapa kijijini walikuja na swali moja tu: miche ikae wapi?

Majibu yalikuwa mawili. Ama kila kaya ipande mbono kuzunguka nyumba na shamba, uwe uzio, ama kijiji kitoe mteremko ulio juu ya bonde uwe shamba moja kubwa. Mteremko huo ndio wenye mahindi na maharage ya karibu kila nyumba. Juu yake kuna kipande cha miombo chenye mizinga ya nyuki, na chini ya miombo ndiko inakotoka chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota maji.

"Hatukuja na jibu mfukoni," anasema Anuari, kijana wa mradi anayesimamia miche. "Hata mimi naomba uzio utoshe. Lakini usipotosha tutarudi kwenye mteremko, kwa sababu mashine ya kukamua lazima ipate mbegu. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi hii. Hapo ndipo itaamuliwa."

Donatille hana maneno mawili juu ya hilo. "Mbono naupenda, ndio unaonivisha. Lakini haupikwi! Mbegu yake ni sumu, kila siku nawafukuza watoto hapa wasiitafune. Sasa nikitoa mahindi nikaweka mbono, jioni nitasonga nini? Na wakikata ile miombo, maji nitaenda kuyaomba kwa nani?"

Basi uzio utoshe, jambo limekwisha. Lakini halikwisha, na aliyeliharibu ni Donatille mwenyewe, kwa upendo wake.

Jirani yake ni Mzee Sadalla, muuza vipuri vya baiskeli, mtu wa swala tano na maneno machache. Mkewe, Hadia, alikuwa shoga mkubwa wa Donatille. Walichota maji pamoja na kuuza maharage pamoja sokoni Mpanda, na wakagombana kila wiki na kupatana kabla ya Ijumaa. Hadia alifariki miaka mitatu iliyopita. Mlangoni aliacha waridi jekundu alilokuwa akilimwagia maji ya kuoshea mchele, na Mzee Sadalla akaendelea kulimwagia.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Kila waridi lilipotoa kichipukizi, mbuzi wa Ponsian, jirani wa upande wa pili, walipita nacho.

Mwezi uliopita Mzee Sadalla alisafiri kwenda Majimoto kununua mpunga. Donatille akaona nafasi ndiyo hiyo ya kumfurahisha. Akabeba miche mikubwa kuliko yote kitaluni, akaipanda mstari mmoja ulionyooka mbele ya nyumba ya mzee, kutoka kona hadi kona.

"Kwetu nilikokulia, nyumba bila uzio wa miti ni kama haijaisha," anaeleza. "Nikasema akirudi atakuta mji umependeza, na waridi la shoga yangu limepata mlinzi."

Alichosahau, au hakukitilia maanani, ni kwamba majirani zake wengi wanaujua mbono kwa jina la mbono kaburi. Kwao ni mti wa kupandwa alipolala maiti, ili pajulikane na pasilimwe. Hakuna anayeupanda mlangoni.

Mzee Sadalla alishuka kwenye bodaboda, akaona mstari ule mbele ya nyumba yake, akadondosha gunia. "Nani kafa?" alipiga kelele. "Nani kafa kwangu?" Watu walitoka mbio. Walipoelewa, wakacheka hadi kushika mbavu. Yeye hakucheka. Aling'oa miche yote kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tangu siku hiyo hakumsalimia Donatille. Na habari ilivyosambaa, hata waliokwisha kuchukua miche waliirudisha. Nani anataka kulala katikati ya makaburi?

"Nililia," anasema Donatille, na hapa sauti yake kubwa inapungua. "Nilimuumiza mzee wa watu. Halafu nikautazama ule mteremko, nikasema, Donatille, umeuza mashamba ya wenzako kwa miche ya zawadi."

Anainuka kufuta macho kwa upindo wa kitenge. Ndipo inaposikika kengele ya baiskeli.

Ni Mzee Sadalla. Nyuma ya baiskeli amefunga mzigo wa matawi ya mbono yaliyokatwa, mabichi, bado yanatoa utomvu. Anashuka, anasimamisha baiskeli, anamtazama Donatille kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Mama Emelyne, umeamkaje?"

"Salama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi wa Ponsian wamemaliza waridi jana. Limebaki shina."

"Yoo! Pole jamani!"

"Jana jioni nikaenda kwa Hadia." Anamaanisha makaburini. "Pale nilimzungushia mbono mwenyewe, mwaka ule ule. Vimaua vyake viko vile vile, hakuna mbuzi aliyeingia hata siku moja. Nikajiuliza, yaani makaburini nimeweza kumlinda, nyumbani kwake nimeshindwa?"

Donatille anaonyesha kitalu. "Miche ipo, mzee. Chukua unayotaka, sitaki hata senti."

"Yako sitaki." Anapiga ule mzigo kwa kiganja, taratibu. "Nimekata ya pale kwake, kwenye matawi yaliyozidi. Watu wanasema mbono mlangoni ni kuleta kaburi nyumbani. Haya, kama ni la Hadia, mimi siliogopi. Naye arudi nyumbani."

Donatille anaangua kilio kiasi kwamba Anuari, aliyekuwa akihesabu viriba upande wa pili, anakuja mbio akidhani kuna nyoka. Mzee Sadalla anatazama pembeni na kumngoja. Kisha anauliza kwa ukali wa uongo, "Sasa utalia mpaka jua liwe kali, au unakuja kunionyesha namna ya kuyachomeka? Nyie si ndio mafundi?"

Wanapanda pamoja. Donatille anachimba, mzee anachomeka, na wanabishana juu ya kila shimo. Majirani wanatoka mmoja mmoja na kusimama barabarani. Safari hii hakuna anayecheka. Hilaria, mkulima mwenye nyumba ya mkabala, anatazama hadi tawi la mwisho, kisha anasema, "Kama Mzee Sadalla analala humo, na mimi niletee. Ila mbele tu." Mwingine anataka kuzungushia shamba. Ponsian anataka uzio wa zizi, na watu wanamwambia kwa pamoja kwamba yeye ndiye angepaswa kuanza.

Jumamosi, kwenye mkutano, kaya zilizoomba miche zinatosha na kuzidi. Anuari anatangaza kwamba mteremko unatoka kwenye mpango wa kijiji hiki, na miombo ya juu yake haiguswi. Kelele za Donatille zinawatangulia wote.

Na sasa anatarajia nini? Tunamuuliza akiwa mteremkoni, jembe begani, akikagua shamba lake linalosubiri mvua. Anataka kuongeza kitalu. Anataka kuvuna mbegu za kwanza kwenye uzio wa Kakese na kuona zinatoka mafuta kweli. Anataka kupanda mahindi hapa mvua ijayo, na Emelyne aje kupanda hapa hapa baada yake.

"Na siku yangu ikifika," anasema, "msihangaike kunitafutia mbono mbali. Mkate pale mlangoni kwa mzee. Hadia atanipa, hawezi kuninyima."

Jioni tunamfikishia Mzee Sadalla ujumbe huo. Ameinama mbele ya nyumba, anamwagia maji ya kuoshea mchele shina la waridi, ambalo limetoa kijani kidogo ubavuni. Nje ya mstari wa mbono mbuzi wawili wa Ponsian wamesimama, wanatazama.

"Mwambieni asiwe na haraka," anasema bila kuinua kichwa. "Kesho ana kazi ya kunisaidia upande wa nyuma."