Salama ya Bibi Kola

Pasi ya mkaa imeshika moto, lakini Bibi Kola hatulii. Anaupiga pasi mkono mmoja wa shati, anaiweka pasi kwenye kigae, anakwenda mlangoni kuchungulia njia, anarudi. Anaupiga mkono wa pili nusu, anakwenda tena.

"Mama, mlango hautakimbia," anasema mkwewe, anayesuuza nguo kwenye beseni. "Kaa basi."

"Nikikaa nitawaza."

Bibi huyu wa miaka sabini na mbili ni dobi katika chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo. Jina la Bibi Kola amepewa na wateja, kwa jinsi kola anazozinyoosha zinavyosimama wima. Mashati manane humpa unga wa siku moja, na mgongo ukimkaza hafikishi matano.

Kesho anarudi ofisi ya wakimbizi kusikilizwa rufaa yake, maana ombi lake la hifadhi lilikataliwa. Akishindwa tena, atarudishwa alikotoka, ambako vita bado vinaendelea na nyumba yake ni kifusi. Mkwewe alikubaliwa zamani. Walikimbia siku moja, kwa njia moja.

Kilichomponza bibi ni adabu.

Siku ya mahojiano alipokewa na ofisa kijana, wa umri wa mjukuu wake. Kijana alisimama, akampa kiti, akamwamkia vizuri, akamuuliza habari za huko alikotoka. Bibi akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: salama. Majirani je, mliishi nao vizuri? Vizuri sana, baba. Kuna lililokusumbua? Miguu tu, baba, tunashukuru.

"Hata chai alikuwa hajanywa," anasema, akipuliza majivu. "Mtoto wa watu, nimtwishe maiti asubuhi yote ile?"

Maiti ni mwanawe wa pekee, seremala, mume wa huyu mkwe. Kombora lilimkuta uani akifunga magodoro ya safari. Mama yake alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo hajalitamka jambo hilo waziwazi, hata humu chumbani, na mkwewe hajathubutu kumuuliza.

Lakini leo hakuna kukwepa. Mkwe anafuta mikono, anavuta kigoda, anakohoa kiofisa.

"Shikamoo, bibi. Habari za huko?"

"Marahaba, baba. Salama."

"Mama!"

"Limenitoka lenyewe."

Wanacheka mpaka bibi anashika kiuno. Wanarudia, na linamtoka tena. Mara ya tatu mkwe hacheki. Anauliza polepole, kwa sauti yake mwenyewe.

Bibi Kola anaweka pasi chini. Safari hii haendi mlangoni.

"Huko si salama," anasema. "Mwanangu ameuawa. Nilimwona. Nilimfunika kwa shuka nililokuwa nimelipiga pasi mwenyewe."

Mkwe anainamia beseni, anakamua shati ambalo alikwisha kulikamua. Inaumiza kuwatazama.

Bibi anaishika tena pasi. Akipata hifadhi, anasema, anataka meza ndefu ya kupigia mashuka ya nyumba za wageni, yeye na binti yake huyu. "Na mtu akiniuliza habari, nijibu salama bila kudanganya."

Mteja anaingia na furushi lake. "Bibi, habari za leo?"

Bibi Kola anafungua mdomo, anamtazama mkwewe, anaufunga.

"Keshokutwa unakuja kuchukua nguo zako," anamwambia mteja. "Uniulize siku hiyo."